Kichwa cha Mama Kioko

Mwezi uliopita tulikutana Njiru, kwa Shiro, sisi wanawake tuliosomea ususi pamoja, wale ambao bado tunatambuana bila kutajiana majina. Shiro amejenga huko, na ana geti jipya jeusi ambalo alitufungulia mara mbili, mara ya kwanza tuingie na mara ya pili tulione vizuri. Alikuwa amepika pilau na mukimo, na jogoo wa kienyeji aliyekufa akiwa bado na kinyongo, maana alikataa kabisa kutafunika. Sababu ya kutuita ilikuwa binti yake wa mwisho, anayeingia chuo mwaka huu, na Shiro alitaka kila mmoja wetu amwachie neno la jinsi ya kuutumia mwaka wa kwanza usije ukapotea bure. Basi wakaanza. Mmoja akasema ajiunge na kila kikundi atakachokiona. Mwingine akasema alale hosteli, asiwe mtu wa kuja na kwenda, kwa sababu chuo chenyewe huanza watu wakishamaliza masomo. Mwingine, ambaye mwaka ule alipata mchumba na kumpoteza kabla ya mtihani, akasema ajihadhari na kijana yeyote anayepiga gitaa. Zamu yangu ilipofika, Shiro akaniziba mdomo kwa kiganja kizima kinachonuka kitunguu. "Huyu msimsikize. Huyu ni Kuku. Alienda chuo kama mtu aliyepeleka mahindi kusagiwa. Akishapata unga wake, huyo, kwao." Wakacheka hadi binti wa watu akajisahau akacheka. Mimi pia nilicheka, kwanza kwa sababu ni kweli, pili kwa sababu nilikuwa na mfupa mdomoni. Lakini nilipofika kwangu Dandora na kuvua viatu, nilikuta kicheko kimeisha na jibu bado ninalo. Ndilo hili, na ni refu kuliko kiganja cha Shiro.

Chuo chetu kilikuwa ghorofani, Donholm, juu ya duka la misumari na rangi, na hosteli ilikuwa nyuma, chumba kirefu chenye vitanda vya juu na chini na kamba za kuanikia zilizopita katikati hata ukaamka na soksi ya mwenzako usoni. Wasichana wote walilala huko isipokuwa mimi. Jioni wengine wakipandisha maji ya chai, mimi nilikuwa nikifunga mkoba, na hapo ndipo nilipopewa jina. "Niaje Kuku, giza linaingia!" "Kuku, banda linafungwa!" Nami niliwajibu kwa kupiga mabawa mlangoni, kisha nikaenda. Nataka kusema jambo moja mapema, kwa sababu watu wamezoea kunitafutia sababu nzuri: nyumbani hakukuwa na mgonjwa. Hakukuwa na mtoto wa kulea wala nyanya wa kulishwa uji. Nilipenda kwetu, basi. Nilipenda chumba chetu mimi na mama yangu, kilichogawanywa kwa pazia la maua, na kile kiti changu cha karibu na dirisha ambacho hakuna mtu mwingine aliyekitamani kwa kuwa kilikuwa na mguu mfupi. Nilipenda ile ploti, vyumba vimezunguka ua, mfereji mmoja wa maji ya bomba katikati, na ukuta mwembamba uliotuwezesha kusikiliza taarifa ya habari kwa betri za jirani. Kufikia saa ya kula ungejua bila kuuliza nani anapika muthokoi, nani ameunguza githeri, na nani ametembelewa na mkwe, kwa maana siku hiyo tu ndiyo nyama ilisikika ikilia kwenye mafuta. Wengine huenda chuo ili watoke nyumbani. Mimi ningetoka kwenda wapi?

Mwenye chuo alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kusimamisha feni, na sote tulimwita Madam. Siku ya kwanza aliniita mbele ya darasa akanitazama kama mtu anayechagua nyanya mwishoni mwa soko. "Wewe ndiye hutaki kulala hapa?"

"Ndiyo, Madam."

"Jioni ndipo mazoezi yanafanyika. Wenzako wanabadilishana vichwa. Wewe utafanyia kichwa cha nani, cha mlingoti?"

"Kwetu viko, Madam."

Darasa likaangua kicheko. Madam hakucheka. Alisema nitalala kwetu mwaka wa kwanza, nijaribu, lakini nikianguka mtihani wa mikono wa mwisho wa mwaka, ama niingie hosteli kama watu wengine, ama nichukue kichana changu niende zangu. Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa ule ujasiri wa mtu ambaye mwisho wa mwaka anauona uko mbali kama Mombasa.

Na hapa ndipo ninapogombana na wale wanaosema niliupoteza ule mwaka. Msusi hafundishwi na kitabu, hufundishwa na vichwa. Wenzangu wa hosteli walikuwa na vichwa vya wao kwa wao tu, wakisukana leo na kufumuana kesho, hata kufikia katikati ya mwaka nywele za Shiro zilikuwa zimerudi nyuma kutoka kwenye paji la uso kama watu waliosikia risasi. Mimi nilikuwa na ploti nzima. Nilikuwa ninaweka stuli karibu na mfereji, jua likiwa bado lipo, na wanawake wanakuja mmoja mmoja na vichana vyao, wengine na viazi vya kumenya ili mikono isikae bure. Nilipata nywele laini na nywele ngumu, za wazee, za waliotoka kujifungua ambazo hung'oka zikiguswa, za watoto wanaolia kabla hujawashika. Na mtu akishaweka kichwa kati ya magoti yako, hukupa na yaliyomo. Nilisikia ni nani anayemwonea haya mama mkwe, na nani anaficha sukari kwenye kopo la chumvi. Hayo hayafundishwi Donholm.

Mama Kioko alikaa chumba kilichoelekeana na chetu. Mumewe alikuwa mchonga vinyago, mtu mkimya aliyeongea zaidi na magogo kuliko na sisi, na yeye Mama Kioko aliuza ndengu na maharage barabarani na kuongea kwa niaba ya wawili. Alikuwa na nywele ambazo sijaziona tena maishani, nyingi, nyeusi, ngumu kama neno la hakimu. Zilinivunjia vichana hadi nikaacha kuvihuzunikia. Kwa mtihani tulitakiwa kutia dawa ya kulainisha kwenye kichwa ambacho hakijawahi kuonja dawa, na Mama Kioko akatangaza mapema, mbele ya mfereji, kwamba kichwa hicho ni chake. "Mwikali nitampa kichwa kizima," alisema, akininyooshea kidole. "Si vile vipara vyao vya hosteli." Tangu siku hiyo alikilinda kama ng'ombe wa mahari. Akiombwa na jirani asukwe matuta ya haraka, alijibu, "Hiki kina kazi ya serikali."

Kila jioni nilipofika walitaka habari za chuo, na mimi, ambaye darasani nilikuwa kimya kama kabati, uani nilikuwa redio. Niliwaigizia Madam na feni yake. Niliwaigizia Shiro akijitazama kwenye kioo. Na jioni moja niliwaigizia msichana mmoja wa darasani aliyekaa upande wa madirisha, ambaye kila nilipoingia asubuhi aliinuka polepole, akafungua dirisha lililo karibu nami, akasema bila kumtazama mtu, "Kuku amekuja na Dandora yake." Maana upepo ukigeuka usiku, moshi wa jalala huingia kwetu bila kubisha hodi, unalala kwenye blanketi, na asubuhi unakwenda nawe kazini. Nilimwigiza vizuri, zile hatua zake, kile kidole puani, na ua wote ukavunjika mbavu. Mama Kioko alicheka hadi akashika mfereji asianguke. Nililala nikijisifu.

Wiki ya mtihani nilimweka kitako. "Mama Kioko, sikiliza. Usioshe nywele. Usikune. Usichane kwa nguvu. Kichwa kikae hivyo hivyo kilivyo."

"Kichafu?"

"Kichafu."

"Mbele ya watu?"

"Dawa ndivyo inavyotaka. Ukisugua, ngozi inafunguka, dawa ikiingia inaunguza kama makaa."

"Nimesikia, mwanangu."

Na kweli alikuwa amesikia. Siku ya mtihani alikuja Donholm amevaa gauni la kanisani, viatu vya kanisani, na kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi. Akaketi kwenye kiti kati ya viti vingine kama malkia anayesubiri taji. Mtahini alikuwa mwanamke wa kutoka nje, mwenye miwani, asiyemjua mtu wala asiyetaka kumjua. Akatuambia tuanze. Nikafungua kitambaa cha Mama Kioko, na kabla macho hayajaona, pua ilikuwa imeshajua. Sabuni. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, na ngozi ya kichwa imepigwa mistari myekundu kutoka paji hadi kisogo, mahali pengine imechubuka kabisa. Alikuwa amejisugua kwa kucha na kwa brashi.

Nikainama sikioni mwake. "Mama Kioko, nilikuambia nini?"

"Upepo uligeuka jana," alinong'ona akitazama mbele. "Moshi ukaingia hadi kwa mto. Alfajiri nikanusa nywele zangu, nikasema hapana. Hawatafungua dirisha kwa sababu yangu."

Nimepigwa makofi katika maisha yangu, machache ya haki na mengi ya bahati mbaya, lakini hakuna lililowahi kunifikia mahali pale. Nilitazama upande wa madirisha. Yule msichana alikuwa anachanganya dawa yake, yumo kwenye shughuli zake, hata hakumbuki. Yeye alikuwa amesema maneno yale darasani tu. Mimi ndiye niliyeyabeba hadi Dandora nikayagawa kama sambusa.

Madam aliona nimesimama, akaja, akatazama kile kichwa, na uso wake ukafanya hesabu. "Paka mafuta mengi," akasema chini chini. "Tia dawa, haraka, suuza. Asitikisike tu. Endelea." Shiro, kutoka kiti cha pili, akasukuma kopo lake la mafuta kuelekea kwangu kwa kiwiko. Mungu ambariki, alitaka nipite kuliko nilivyotaka mwenyewe. Na Mama Kioko akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chai, "Paka, Mwikali."

Nikafunga kopo la dawa. "Siweki," nikasema. Mtahini akaja. Nikamwambia kichwa kimesuguliwa, kitaungua, siweki, lakini ninaweza kukisuka, anipe mtindo wowote anaoutaka. Akaniambia kuandaa kichwa ni kazi ya mtahiniwa, na hapo alikuwa na haki. Akaniambia mtihani wa siku hiyo ni wa dawa, si wa kusuka. Hapo pia. Akaniuliza kama ninaelewa kwamba nimeanguka. Nikasema ninaelewa, nikamfunga Mama Kioko kitambaa chake, na tukashuka ngazi kupita harufu ya rangi.

Msinipe utakatifu. Kuna watu wakisikia habari hii hunitazama kama picha ya ukutani, na ninawakatalia. Wenzangu walifanyia kazi vichwa ambavyo wangeagana navyo siku hiyo hiyo. Mimi changu ningekutana nacho kwenye mfereji kesho, na kesho kutwa, na kila asubuhi ambayo Mungu angenipa, kikiwa na makovu, kikiniuliza kama maji yapo. Nusu yake ilikuwa mapenzi, nusu woga. Lakini nawauliza wale walionishauri nitoke nyumbani ili nijifunze maisha: ni wapi pengine ningejifunza kuogopa kitu cha maana namna hiyo?

Nilidhani Mama Kioko atanishukuru. Tulitembea kando ya Outer Ring, yeye mbele, viatu vya kanisani vikimkata, nami nyuma na mkoba. Tulikuwa tumefika mbali aliposimama akageuka, na alikuwa amekasirika hadi akawa mfupi.

"Nani alikuambia kichwa changu ni yai?"

"Ungeungua, Mama Kioko."

"Nimezaa watano, mmoja akatoka akitanguliza miguu. Nitashindwa na dawa ya kopo?"

"Kungetoka vidonda."

"Vingetoka vikapona! Vidonda ni vyangu! Nimevaa, nimetembea, nimeketi mbele ya yule mama wa miwani, na wewe unanirudisha nyumbani kama sahani ya deni?"

"Sikutaka kukuumiza."

"Ningeumia nikijua naumia kwa nini. Sasa nimeumia bure."

Kisha akanyamaza, na kunyamaza kwa Mama Kioko kulikuwa habari kubwa kuliko kelele zake. Kununiwa kwenye ploti ya mfereji mmoja si kazi ndogo. Inabidi mtu achungulie mlangoni kabla ya kutoka na ndoo. Inabidi salamu zipitie kwa mtoto: "Mwambie Mwikali asogeze beseni." Mama yangu, aliyekuwa akiona yote akiwa nyuma ya pazia la maua, alinipakulia chakula bila neno, na hilo ndilo neno alilokuwa nalo. Nilikaa kwenye kile kiti changu na kwa mara ya kwanza nikaona kweli kina mguu mfupi.

Siku hizi wasichana wanaokuja kwangu hawataki dawa hata kuisikia. Wanataka nywele zao zilivyozaliwa, na wananieleza uzuri wake pole pole, kama mtu anayemfundisha nyanya yake kutumia simu, nami huwa ninawaitikia, "Kumbe?" Wakati ule haikuwa hivyo. Wakati ule nywele zilizolala zilikuwa kama viatu, kitu cha kuonyesha kwamba umefika mahali. Mama Kioko alikuwa ametaka kufika. Nami nilimshusha ngazi kabla hajaonekana. Hilo nilichelewa kulielewa, na lilinikereketa zaidi ya alama nilizokosa.

Halafu asubuhi moja mlango ukagongwa kwa ngumi. Mama Kioko. Gauni la kanisani, kitambaa hadi nyusini. "Vaa twende," akasema. "Sijakigusa tangu siku ile. Hakijaona maji, hakijaona ukucha. Kinaniwasha kama kimeingiliwa na siafu. Ngozi imeshapona. Sasa wakisahihishe."

Tulimkuta Madam ofisini na chai na andazi. Hakuwa mtu mbaya, na nisingependa mtu asome hapa akamchukia. Alitusikiliza, akapangusa vidole, akasema mtihani ninaweza kurudia, hata yeye angependa nirudie, mikono yangu ni mizuri. "Lakini sheria uliijua. Unaingia hosteli kwanza. Kitanda nimeshakuwekea." Akanipeleka akanionyesha. Kilikuwa cha chini, si cha juu, karibu na dirisha, blanketi limekunjwa vizuri. Hakikuwa kitanda kibaya, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nilijiona nimelala pale. Nilijiona mwaka wa pili nikiwa na cheti, saluni, na viti vya kuzunguka. Kisha nikajaribu kuona jioni, stuli ikiwa karibu na mfereji na hakuna mtu juu yake, na mimi hapa nikimsuka Shiro kile kilichobaki.

Mama Kioko alikuwa amesimama mlangoni akikagua zile soksi. "Samahani, Madam," akasema. "Huku kuna nini ambacho kwetu hakuna?"

"Kuna nidhamu, mama."

"Aha," akasema Mama Kioko, akiepa soksi.

Nikamwambia Madam kwamba nilikuja kujifunza nywele, na kwamba nimejifunza, na kwamba ninashukuru kwa kitanda.

"Kwa mwaka mmoja?"

"Kwa mwaka mmoja."

"Utajuta, Mwikali."

"Labda, Madam."

Na nimejuta, kwa nini niseme uongo? Najuta kila nikipita mbele ya saluni ya Shiro nikaona vile viti vinavyozunguka. Najuta kwa muda wa kutoka mlango wake hadi kona, kisha nakunja kona. Kwenye karatasi nimesoma hadi kidato cha nne, na mtu akiniuliza kuhusu chuo, namwambia nilisoma mwaka wa kwanza. Sikuupitia juu juu kama wale waliokuwa na wa pili wa kukimbilia. Niliula wote, na ukoko wake.

Tulipofika nyumbani siku ile, Mama Kioko alivuta stuli mwenyewe hadi kwenye mfereji, akaketi, akavua kitambaa. "Si ile dawa unayo bado?" Ilikuwepo mkobani, haijaguswa. Nikapaka mafuta kwenye ngozi yote, nyuma ya masikio, kwenye paji, nikagawa nywele sehemu nne na kuanza kisogoni. Ua wote ukawa mtahini. Mmoja anasema imekaa sana, mwingine anasema bado, mwingine anataka kujua kama inafaa kwa ndevu. "Inawasha?" nikamuuliza. "Kidogo." "Inachoma?" "Nikiungua nitasema, unafikiri nimenunua mdomo wa mapambo?" Nikasuuza kwa maji ya mfereji, ndoo baada ya ndoo, na zile nywele zilizonivunjia vichana vyote zikashuka zikalala kwenye mabega yake, nyeusi, zimetulia. Mumewe mchonga vinyago akatoka mlangoni, akatazama kwa muda mrefu kama anavyotazama gogo zuri, akarudi ndani.

Jumapili yake kanisani akina mama wa kikundi walikuwa wamevaa vitambaa vyao vyeupe, kama ilivyo desturi, na Mama Kioko akaingia kichwa wazi. Kwa kawaida aliketi nyuma, karibu na mlango. Siku hiyo alipita katikati, viatu vikilia, hadi benchi la mbele kabisa, akaketi mahali ambapo jua la dirishani lilimwangukia juu ya kichwa. Mwenyekiti wa akina mama akainama akamnong'oneza, kwa adabu, "Mama Kioko, na kitambaa?"

"Kiko nyumbani," akasema Mama Kioko, bila kunong'ona. "Donholm walikataa kukisahihisha hiki kichwa. Acha Mungu akisahihishe."